Daktari Welwitsch na Mmea wa Jangwani

Muhula huu napenda kuwasimulia maisha ya Daktari Friedrich Welwitsch, ambaye jina lake limekaa juu ya mmea mmoja wa ajabu.

Alizaliwa mwaka 1806 katika nchi ya Austria. Baba yake alitaka mwanawe awe mwanasheria, lakini moyo wa kijana ulikuwa katika mimea. Baba akakasirika, akaacha kumpelekea fedha. Kijana hakurudi nyuma. Akiwa Vienna alijilisha kwa kuandika magazetini habari za michezo ya kuigiza, na mwaka 1836 akapata shahada ya udaktari. Habari hii imenigusa, kwani mzee wangu anataka nisome uhasibu, nami napenda elimu ya viumbe. Bado hatujaelewana.

Mwaka 1839 alikwenda Ureno kukusanya mimea, akabaki huko. Mwaka 1853 serikali ya Ureno ikampeleka Angola. Huko aliugua homa mara nyingi na miguu yake ikatoka vidonda, lakini aliendelea na kazi. Mwaka 1854 alionana na David Livingstone, ambaye habari zake tunazisoma katika historia.

Mwezi wa Septemba 1859 alifika karibu na Cabo Negro, kusini mwa Angola, linakoanzia jangwa la Namib. Hapo aliona mmea ulioenea chini kama rundo la takataka. Mtu mwingine angelipita. Yeye alipiga magoti juu ya mchanga wa moto, akaukodolea macho, akiogopa kuugusa usije ukawa ndoto.

Mmea huo una shina nene na fupi, na majani mawili tu maisha yake yote. Majani hayo hayapukutiki. Hukua kutoka shinani mwaka hata mwaka, na upepo huyapasua yakawa kama matambara. Mingine hukisiwa kuwa na umri uliopita miaka 1,000. Hustawi mahali ambapo mara nyingi mvua ya mwaka haifiki milimita 100.

Tena hauishi kwa ajili yake peke yake. Kivuli chake huwahifadhi mijusi na wadudu. Wadudu nao huchukua chavua ya mmea dume na kuifikisha kwa mmea jike. Wakati wa ukame, choroa na faru hutafuna majani yake wapate maji. Ukiung'oa mmoja, umevunja nyumba ya wengi.

Wenyeji waliuita ntumbo, neno lililowachekesha sana wenzangu darasani. Daktari alipendekeza mmea uitwe Tumboa, kwa kufuata jina hilo, maana wao ndio walioujua kwanza. Lakini mwaka 1862 mtaalamu wa Uingereza, Joseph Hooker, aliuita Welwitschia mirabilis. Daktari alifariki London mwaka 1872, na juu ya kaburi lake umechongwa mmea ule.

Nyumbani kwetu ni nchi kavu, nasi hukata vichaka kwa kuni bila kuuliza vina kazi gani. Likizo hii nitamwomba babu anitajie majina yake kimoja kimoja, niyaandike daftarini. Kisha nitamwonyesha mzee wangu daftari hilo, pengine atanielewa.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne