KINJEKETILE NGWALE: MTU WA HISTORIA NA MHUSIKA WA TANZIA

Mtahiniwa akiulizwa kuhusu mhusika mkuu wa tamthiliya ya Kinjeketile, ni rahisi kuandika kwamba alikuwa kichaa. Kabla ya kujibu hivyo, soma maisha yake.

Maisha yake

Kinjeketile Ngwale aliishi Ngarambe, karibu na bonde la Mto Rufiji na milima ya Matumbi, enzi za utawala wa Wajerumani. Kuanzia mwaka 1902, chini ya Gavana von Götzen, wananchi walilazimishwa kulima pamba katika mashamba ya pamoja. Malipo yalikuwa kidogo, viboko vilikuwa vingi, na mashamba ya chakula yakakosa wa kuyalima.

Masimulizi ya wazee yanaeleza kuwa mwaka 1904 Kinjeketile alipandwa na pepo aitwaye Hongo, akatumbukia majini na kupotea. Kesho yake aliibuka, nguo zake zikiwa kavu, akaanza kutabiri. Aligawa maji ya dawa yaliyoaminiwa kuwa yangezigeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Watu wa makabila mbalimbali wakamiminika Ngarambe, na waliokuwa wametengana wakaungana.

Mwishoni mwa Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete waling'oa pamba, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Kinjeketile alikamatwa na kunyongwa huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Vita viliendelea hadi 1907. Kwa makadirio ya chini, watu 75,000 walipoteza maisha, wengi wao kwa njaa.

Katika tamthiliya

Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, alichapisha tamthiliya yake mwaka 1969. Mhusika wake si nakala kamili ya mtu wa historia. Akiwa amepandwa na pepo, mhusika huyu anatamka kwamba Wajerumani wakishaondoka watu watakuwa chini ya Sultani wa Zanzibar. Anapozinduka na kuelezwa aliyoyasema, anashtuka. Kama Hongo anataka watu wawe huru, mbona awakabidhi kwa bwana mwingine? Tangu hapo haamini tena kwa moyo mmoja, lakini watu wameshaamini. Anawataka wasubiri, nao hawasubiri. Mwishoni, akiwa kifungoni, anakataa kuyakana maji, kwa kuwa kuyakana kungezima moyo wa mapambano wa vizazi vijavyo.

Je, alikuwa mgonjwa wa akili?

Kwanza, katika jamii yake kupandwa na pepo kulikuwa njia iliyotambulika ya kuwasiliana na mizimu. Pili, ugonjwa wa akili huthibitishwa na mtaalamu anayemchunguza mgonjwa. Mtu aliyekufa zaidi ya miaka 100 iliyopita hatuwezi kumpima. Tatu, kinachoonekana wazi katika tamthiliya ni mgogoro wa nafsi. Mlinganishe na mke wa Makbeth katika tanzia ya Shakespeare, iliyotafsiriwa na S. S. Mushi mwaka 1968. Mwanamke yule anatembea usingizini akijaribu kuosha mikono, kwa sababu anateswa na hatia ya mauaji. Kinjeketile hana hatia ya namna hiyo. Anateswa na shaka juu ya neno ambalo hawezi tena kulirudisha.

Mkoani Singida, Wanyaturu humkumbuka Liti, mwanamke anayesimuliwa kuwa aliwatumia nyuki kupambana na Wajerumani. Jina lake limepewa uwanja wa mpira wa miguu mjini Singida. Imani hiyo haijamfanya aitwe kichaa, bali shujaa. Kinjeketile naye apimwe kwa mizani hiyo hiyo.

Zingatia: Usiandike "kichaa". Andika "mgogoro wa nafsi", kisha utoe ushahidi kutoka kwenye matukio ya tamthiliya.

Swali la mazoezi: Mgogoro wa nafsi wa mhusika mkuu ndio unaoifanya tamthiliya ya Kinjeketile kuwa tanzia. Thibitisha kauli hii kwa hoja tatu.