José Rizal, mtoto wa Calamba

Ndugu wa mine na jamaa zenu, leo tunawaletea utoto wa José Rizal, shujaa wa Ufilipino, yule Wahispania walimupiga risasi Manila mwaka 1896.

Alizaliwa Calamba tarehe 19 Juni 1861, wa 7 kati ya watoto 11. Nyumba yao ilikuwa ya mawe, chakula hakikukosa. Lakini udongo haukuwa wao. Baba yake, Francisco Mercado, alilima miwa na mpunga kwenye mashamba ya mapadri Wadominiko, akiwalipa kodi. Siye tunaijua hiyo: jasho yako, mali ya mwingine.

Mama yake, Teodora Alonso, njo alimufundisha kusoma. Huyu mama walimushitaki eti alitaka kumupa wifi yake sumu. Luteni mmoja wa polisi alikuwa na kinyongo, juu Francisco alimukatalia majani ya farasi. Wakamutembeza mama kwa miguu, karibu kilometri 50, mpaka buloko ya Santa Cruz. Alikaa mule miaka 2 na nusu, kisha korti ikaona hana kosa!

José alikuwa ameanza masomo Manila. Likizo moja alikwenda peke yake Santa Cruz, bila kumuambia baba. Wakakumbatiana na mama, wakalia.