Tingatinga: Fundi aliyeanza na ubao wa dari

MKULIMA akisikia neno tingatinga, kinachomjia haraka akilini ni trekta au katapila la kuchimbua ardhi. Lakini kwa wauza sanaa wa Oysterbay jijini Dar es Salaam, tingatinga ni picha yenye rangi kali ya tembo, chui au ndege. Nyuma ya picha hiyo yuko mtu, Edward Saidi Tingatinga, aliyechora kwa takriban miaka minne tu kabla ya kufariki dunia mwaka 1972.

Maisha yake yana mengi ya kumfunza yeyote anayetengeneza kitu kwa mikono yake na kukiuza mwenyewe, awe seremala wa Tegeta, msusi wa mikeka au mtengenezaji wa ngoma na magitaa kule Wazo.

Kutoka mkongeni hadi mjini

Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, kusini mwa Tanzania. Baba yake alikuwa Mwislamu na mama yake Mkristo, ndiyo maana alibeba majina ya pande zote mbili. Shule alisoma miaka michache tu.

Kama vijana wengi wa kusini wa wakati huo, ambako mazao yalikuwa mbali na soko na barabara zilikuwa mbovu, alikwenda Tanga kufanya kibarua katika mashamba ya mkonge. Baadaye alihamia Dar es Salaam na kupata kazi ya kutunza bustani nyumbani kwa ofisa mmoja wa Kiingereza.

Baada ya uhuru wa mwaka 1961 aliishi kwa shughuli za hapa na pale, na baadaye akapata ajira ya msaidizi wa wauguzi katika Hospitali ya Muhimbili. Uchoraji aliuanza mwaka 1968 kama kazi ya pembeni ya kuongeza kipato. Hakuacha mshahara kwanza ndipo atafute wateja.

Mtaji mdogo, malighafi ya dukani

Inaelezwa kwamba kilichomshawishi ni kuona picha za wachoraji kutoka Kongo zikiuzwa mitaani Dar es Salaam. Aliona wanunuzi wapo, akaamua kujaribu.

Tatizo lilikuwa malighafi. Turubai na rangi za wasanii zilitoka nje ya nchi na hazikuwa za mtu wa kipato chake. Yeye akatumia vitu vilivyouzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi: ubao mwembamba wa dari, uliokatwa vipande vya mraba vya kama sentimita 60 kila upande, na rangi ya mafuta inayong'aa, ile ya kupaka milango na baiskeli.

Huo ulikuwa wakati wa ujenzi. Kiwanda cha saruji cha Wazo kilianza uzalishaji mwaka 1966, miaka miwili kabla hajashika brashi.

Rangi ya mafuta ina tabia yake. Inachelewa kukauka, hivyo ni lazima rangi ya chini ikauke kabla ya kuchora mnyama juu yake. Fundi mwenye akili hasubiri ubao mmoja. Anapaka kadhaa kwa zamu, wakati huu unakauka ule unachorwa. Kwa njia hiyo gharama ya muda kwa kila picha inashuka.

Soko lilikuwa mlangoni

Tingatinga aliweka bidhaa zake nje ya maduka ya Morogoro Stores, Oysterbay, mahali ambapo wageni na wafanyakazi wa balozi walikuwa wakija kununua mahitaji yao. Hakulipa pango la duka kubwa. Picha zilitandazwa chini ya mti. Mke wake, Agatha Mataka, alisaidia kuziuza.

Mafundi wengi hukosea hapa: hutengeneza kwanza, kisha hutafuta mnunuzi. Yeye alijipeleka mahali ambapo mnunuzi alikuwa akipita kila siku.

Biashara ilipokua alichukua vijana, wengi wao ndugu na watu wa nyumbani. Miongoni mwao walikuwa Ajaba Abdallah Mtalia, January Linda, Adeusi Matambwe, Casper Tedo na Simon Mpata. Walijifunza kwa kupaka rangi za chini na kujaza sehemu ndogo, naye akafanya kazi ya mwisho. Shirika la umma la sanaa nalo likaanza kununua picha zake, akawa na mnunuzi wa uhakika mbali na wapita njia.

Kifo na suala la bei

Mwaka 1972, akiwa na umri wa miaka 40, Tingatinga alipigwa risasi na polisi usiku jijini Dar es Salaam, baada ya kudhaniwa kuwa mhalifu aliyekuwa akitafutwa. Aliacha mjane na watoto wawili wadogo.

Wanafunzi wake waliendeleza kazi, na mwaka 1990 ukaundwa ushirika wa wachoraji unaobeba jina lake. Mtindo wake umefika Ulaya na Japani. Lakini picha alizochora mwenyewe na kuziuza kwa bei ndogo, leo zinatafutwa na wakusanyaji kwa fedha nyingi. Faida hiyo wameipata walionunua mapema na kutunza, si aliyezitengeneza.

Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, inayosimamiwa na COSOTA, hulinda kazi yenyewe, hailindi mtindo. Kwa hiyo kinga ya kwanza ya fundi ni bei sahihi siku ya kuuza.

Chukulia fundi wa gitaa dogo la nyuzi nne. Mbao, nyuzi na gundi vimemgharimu Sh12,000. Amefanya kazi siku mbili, na siku yake anaithamini Sh15,000. Banda na uchakavu wa vifaa ni Sh3,000. Jumla ni Sh45,000. Akiuza Sh30,000 kwa sababu mteja amelalamika, amefidia mbao na banda, lakini nusu ya jasho lake ametoa sadaka.

Akipeleka kwa mwenye duka anayebakiza robo ya bei, hawezi kuuza chini ya Sh60,000, kwani robo yake ni Sh15,000 na yeye anabaki na zile Sh45,000. Hapo bado hajaweka faida ya kununulia mbao za kesho.

Fundi aandike hesabu hii katika daftari kwa kila bidhaa, aweke jina lake na mwaka juu ya kazi, na abaki na kumbukumbu ya nani kanunua. Tingatinga alisaini picha zake, na saini hiyo ndiyo inayosaidia kuitambua kazi ya mkono wake na kuitofautisha na za walioiga.