Janani Luwum: Damu ya Nani?

Maandiko ya kusoma: Yohana 10:11–15

Jumapili tulifundishwa tofauti ya mchungaji mwema na yule wa kuajiriwa, ambaye akiona mbwa mwitu anatoroka. Wiki hii tuangalie maisha ya mmoja ambaye hakutoroka: Janani Luwum, Askofu Mkuu wa Kanisa la Anglikana Uganda.

Luwum alizaliwa mwaka wa 1922 Mucwini, karibu na Kitgum, katika nchi ya Waacholi. Lugha yao na Dholuo yetu ni za ukoo mmoja. Utotoni alichunga mifugo, baadaye akawa mwalimu wa shule ya msingi. Januari 1948 aliokoka katika ule uamsho uliotoka Rwanda, ukapita Uganda, ukafika hata Maseno yetu hapa. Aliacha ualimu, akasoma chuo cha theolojia cha Buwalasi, na mwaka wa 1969 akawekwa kuwa askofu wa Uganda Kaskazini.

Januari 1971 Idi Amin alipindua serikali. Mwaka huohuo wanajeshi Waacholi na Walango walichinjwa ndani ya kambi zao wenyewe. Halafu raia nao wakaanza kupotea. Hesabu inayotajwa sana ni watu 300,000 katika miaka 8. Sisi huku ziwani tunaikumbuka 1976, Amin alipodai ati magharibi mwa Kenya, Kisumu ikiwemo, ni ya Uganda.

Luwum alikuwa Askofu Mkuu mwaka wa 1974. Wako waumini waliomnung'unikia kwamba yuko karibu mno na Amin. Lakini hebu tazama aliutumia vipi ukaribu huo: alikwenda mwenyewe kwenye ofisi za usalama kuwaulizia waliokamatwa na kuomba waachiliwe. Mwaka wa 1976 aliketi na viongozi wa Katoliki na wa Waislamu kuzungumzia mauaji. Tusidanganyike kwamba hii ilikuwa vita ya Waislamu na Wakristo. Amin alikuwa Mwislamu, lakini Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka, Mkatoliki, na aliyekuwa waziri Shaban Nkutu, Mwislamu, wote waliuawa chini ya utawala wake.

Usiku wa Februari 5, 1977, wanajeshi walivamia nyumba ya Luwum pale Namirembe wakitafuta silaha. Hawakupata kitu. Yeye na maaskofu wenzake wakamwandikia Amin barua, wakalalamikia waziwazi uvamizi huo na mauaji ya raia. Hapo angeweza kuvuka mpaka kama wengi walivyofanya. Alibaki. Februari 16 aliitwa Kampala, mbele ya umati wa wanajeshi, akashtakiwa kwamba alipanga kupindua serikali. Alikamatwa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Kesho yake serikali ikatangaza kuwa wamekufa kwa ajali ya gari. Waliouona mwili wa Luwum waliona matundu ya risasi. Jeshi likaupeleka mwili Mucwini ukazikwe huko, lakini Namirembe maelfu ya watu walikusanyika kuabudu kando ya kaburi tupu lililokuwa limechimbwa kwa ajili yake. Tangu 2015, kila Februari 16 ni sikukuu ya taifa Uganda.

Tungependa hadithi iishe hapo, mpendwa, lakini haiishi. Nchi hiyohiyo ya Waacholi ilimtoa Alice Lakwena, aliyewapaka vijana mafuta na kuwaahidi risasi haitawapata, akawaongoza kwenda kufa. Ikamtoa Joseph Kony, ambaye jeshi lake linaitwa la Bwana. Julai 2002 jeshi hilo liliingia Mucwini, kijiji alikozikwa Luwum, likaua watu zaidi ya 50. Huyu alitaja jina la Mungu na yule alitaja jina la Mungu. Tutawatofautishaje?

Tupige hesabu moja tu: ni damu ya nani inayotolewa? Imani ya Luwum ilidai damu yake mwenyewe. Imani ya Kony inadai damu ya mtoto wa jirani. Mafuta, maono, machozi madhabahuni, hivyo vyote vinaweza kuonekana pande zote mbili. Gharama ndiyo inayosema ukweli.

Na hili si la Uganda tu. Januari 1, 2008, watu waliokimbilia kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, wengi wao akina mama na watoto, walichomwa humo ndani. Lilikuwa kanisa la Kipentekoste kama letu. Wakati huohuo hapa Kisumu maduka na nyumba za majirani zetu ziliteketea. Nchi hii ilikuwa imejaa watu waliookoka. Kwa hiyo kampeni zikirudi, na mwanasiasa akileta bahasha ya harambee akitaka kipaza sauti, tujiulize anakuja kuomba maombi au anakuja kuomba vijana wetu. Na yule jirani wa kabila lingine anayeuza duka hapa Usenge, siku ikiwa mbaya, je, mlango wako utafunguka?

Mambo ya kuombea wiki hii:
1. Wachungaji wasiotoroka, na wasiouza kondoo.
2. Vijana wetu, wasitumike kumwaga damu kwa jina lolote.
3. Familia za Mucwini na Kiambaa, na wote ambao hawajapata haki.