Mzee Froebel na Zawadi Zake

Mimi na jiometria tulikuwa kama paka na panya. Basi likizo moja nikamkuta mdogo wangu wa chekechea akichezea vipande vya mbao sakafuni. Alitwaa pembetatu mbili, akazigeuza hivi na vile, akaziunganisha, na hamadi! Mraba huo! Akacheka, mimi nikabaki kinywa wazi. Nilirudi shuleni nikaingia maktaba kumtafuta aliyeanzisha mchezo huo. Ndipo nikakutana na Friedrich Froebel.

Froebel alizaliwa tarehe 21 Aprili 1782 katika kijiji cha Oberweissbach, Ujerumani. Mamake alifariki kabla mtoto hajatimiza mwaka mmoja. Babake, mchungaji wa kanisa, alikuwa na shughuli tele, kwa hivyo kijana alikua mpweke. Alipelekwa kujifunza kazi ya msitu, kisha akaenda chuo kikuu cha Jena, ambako deni lilimtia jela majuma kadhaa. Kweli, hujafa hujaumbika.

Mwaka wa 1805 alianza kufundisha mjini Frankfurt, na hapo akaitambua kazi yake. Alikaa Uswisi kwa mwalimu maarufu Pestalozzi, akapigana vita dhidi ya Napoleon mwaka wa 1813, halafu akafanya kazi Berlin katika jumba la mawe na madini. Alipoyatazama mawe yale ya fuwele, aliona yana nyuso, kingo na pembe zilizopangika sawasawa. Akawaza, mbona mtoto asijifunze maumbo kwa kuyashika?

Mwaka wa 1837 alifungua mahali pa watoto wadogo huko Blankenburg, na mwaka wa 1840 akapaita Kindergarten, yaani bustani ya watoto. Vifaa vyake aliviita zawadi. Ya kwanza ilikuwa mipira sita ya sufu yenye rangi mbalimbali. Ya pili ilikuwa tufe, mcheduara na mchemraba wa mbao. Mchemraba ukining'inizwa kwa uzi na kuzungushwa mbio, macho huona mcheduara! Ya tatu ilikuwa mchemraba uliogawika vipande vinane. Mtoto aliuvunja na kuujenga tena, akajua nusu, robo na thumni kabla hajaandika tarakimu yoyote.

Lakini wema hauozi, ingawa waweza kuchelewa. Mwaka wa 1851 serikali ya Prussia ilizipiga marufuku shule zake, ikimchanganya na mpwa wake Karl aliyekuwa na maandishi yasiyopendwa na wakubwa. Mzee alijitetea wapi! Hakusikizwa. Alifariki tarehe 21 Juni 1852, marufuku ikiwa bado ipo. Iliondolewa mwaka wa 1860, naye yu kaburini miaka minane. Juu ya kaburi lake limewekwa jiwe lenye mchemraba, mcheduara na tufe.

Kisa hicho kilinigusa sana. Jioni hiyo nilichukua sabuni yangu ya kufulia, nikachonga mchemraba wa sentimita 4 kila upande. Nikaukata mara tatu tu, nikapata vipande vinane. Ujazo ulibaki sentimita 64 za ujazo. Lakini eneo la nje, lililokuwa sentimita 96 za mraba, sasa lilikuwa 192! Wenzangu bwenini walidhani nimerukwa na akili, kumbe ndiyo kwanza zinanirudia. Muhula huo sikuwa wa kwanza katika hesabu, ila mkia niliuaga.

Walimu wetu wapendwa, twawaomba mtuletee mbao, kamba na makaratasi darasani. Nanyi wenzangu, msidharau mchezo wa mtoto. Mzee wa watu aliupigania mpaka pumzi ya mwisho, nasi hatuhitaji ila kipande cha sabuni.