Grace Hopper na Maneno ya Tarakilishi

Grace Murray Hopper alizaliwa jijini New York, Marekani, tarehe 9 Desemba 1906. Alisomea hisabati katika Chuo cha Vassar, kisha akatunukiwa shahada ya uzamifu na Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1934. Vita Vikuu vya Pili vilipopamba moto, aliacha uhadhiri akajiunga na kikosi cha akiba cha wanamaji mwaka 1943. Mwaka uliofuata alipelekwa Harvard kuiandalia maagizo tarakilishi ya Mark I.

Siku hizo maagizo yaliandikwa kwa tarakimu tupu, na kosa la tarakimu moja liliweza kuharibu kazi nzima. Mwaka 1949 Hopper alihamia kampuni ya Eckert-Mauchly huko Philadelphia. Kufikia 1952 alikuwa ameunda A-0, programu iliyokusanya vipande vya maagizo vilivyokwisha kuandikwa na kuviunga kuwa programu moja. Wengi hawakusadiki, kwao, tarakilishi ilikuwa ya kukokotoa tu.

Hopper hakufa moyo. Alitaka watu wa biashara wasiojua alama za hisabati waweze kuiagiza mashine kwa maneno. Yeye na wenzake waliandaa mfano kwa Kiingereza, kisha wakabadilisha maneno pekee, wakapata programu hiyohiyo kwa Kifaransa na kwa Kijerumani. Hoja yao ilikuwa wazi: kwa mashine, neno ni alama tu; msamiati ukibadilika, sintaksia na maana zikibaki, kazi hutendeka vilevile. Kwa mujibu wa simulizi lake, wakuu wa kampuni walishtuka. Hawakuona vipi tarakilishi ya Kimarekani ingeelewa lugha za kigeni. Ikambidi aahidi kutumia Kiingereza tu.

Ndipo ikazaliwa FLOW-MATIC, lugha iliyotenga maelezo ya data na hatua za kuishughulikia. Ilikuwa miongoni mwa misingi mikuu ya COBOL, iliyoanza kubuniwa na kamati mwaka 1959, Hopper akiwa mshauri.

Alistaafu jeshini mwaka 1986 akiwa na cheo cha rear admiral na umri wa miaka 79, akafariki tarehe 1 Januari 1992.

Mwanaisimu ataona katika kisa hiki tofauti kongwe ya umbo na maana. Ataona pia kwamba mashine haikuikataa lugha yoyote; waliokataa ni wenye mashine.