Ofuji Naye Alirudia

Matokeo yalipobandikwa, nikajikuta kwenye orodha ya wenye sapu. Takwimu za elimu. Nikazima simu, nikajifungia chumbani na filamu fupi za katuni nilizokuwa nimekusanya kwa ajili ya somo la zana za kufundishia. Humo ndimo nilimokutana na Noburo Ofuji.

Ofuji alizaliwa Tokyo mwaka 1900. Yeye alishika makasi. Alichukua chiyogami, karatasi za Kijapani zilizochapwa maua na nakshi, akakata mtu vipande vipande: kichwa, mkono, mguu. Akavilaza chini ya kamera, akasogeza kidogo, akapiga picha. Akasogeza tena, akapiga. Hivyo ndivyo ilivyotoka filamu yake ya mwizi wa Baguda, mwaka 1926. Seluloidi ilipoingia, wengi wakahamia huko. Naye aliijaribu, ila karatasi hakuiacha. Alifanya kazi karibu peke yake, dada yake akimsaidia.

Mwaka 1927 alitengeneza Kujira, yaani Nyangumi, kwa vivuli vyeusi.

Sasa sikia hili. Miaka 25 baadaye, mtu mzima wa miaka 50 na ushee, akairudia. Meli inazama, wanaume waliookoka wanamgombania mwanamke mmoja, nyangumi anawameza. Safari hii alikata selofeni za rangi, akazipanga tabaka kwa tabaka, mwanga ukipita kutoka chini, bahari ikawaka rangi. Mwaka 1953 ikaonyeshwa Cannes, Ufaransa. Mwaka 1956 Yureisen, filamu ya meli ya mizimu aliyoitengeneza kwa njia hiyohiyo, ikatuzwa Venice. Alifariki mwaka 1961. Mwaka uliofuata ikaanzishwa tuzo ya katuni yenye jina lake, na wa kwanza kuipata akawa Osamu Tezuka.

Najua mtaniambia sapu si sanaa. Ofuji alirudia kwa kupenda, mimi narudia kwa kulazimishwa. Kweli kabisa. Lakini jamaa hakurudia kwa kunakili; alibadilisha namna ya kuangalia kitu kilekile. Mimi muhula mzima nilikariri kanuni tu, sikuwahi kuona zinafanya nini. Safari hii nitaandika alama za wanafunzi kwenye vipande vya karatasi, nivisogeze mezani kimoja kimoja, mpaka nione kwa macho yangu wastani unavyohama.

Makasi nimeshaazima.